Kununua Kayaki ya Kuvulia Samaki: Maswali Ambayo Watu Huniuliza Kila Wiki

Nimeandika hii manake kila Jumamosi nikishusha kayaki kwa gari pale ufuo wa Dunga, Kisumu, lazima mtu anikaribie na maswali, na maswali ni yale yale, halafu jioni mengine yanaingia kwa simu. Wengi wanaanza na bei ama kampuni. Mimi naanzaga na kitu kingine: saa nane saa tisa mchana upepo ukigeuka, utakuwa wapi na utarudi aje? Ukishajibu hiyo, kayaki nyingi unazoona zikiuzwa unazitoa kwa hesabu, unabaki na mbili tatu za kulinganisha.

Kwani kayaki inaweza kuvua Lake Victoria kweli, ama ni ya watalii kupiga picha?

Inaweza, na vizuri sana, bora ukubali ni ya ghuba na kando kando. Hii Ghuba ya Winam yetu haina kina kikubwa, upande wa Kisumu sehemu nyingi ni mita chache tu, na ngege (tilapia), mumi (kambare) na kamongo (lungfish) wanakaa huko huko karibu na mafunjo, penye mashua kubwa haiwezi kuingia bila kupiga kelele na kukwama. Kayaki inaelea hata maji yakiwa ya magotini, haina injini ya kushtua samaki, haili mafuta. Asubuhi ukiwa umetulia kando ya mafunjo unasikia ngege wakigonga mashina, hiyo sauti ukiisikia mara moja hautaacha kuitafuta.

Lakini ukishapita Rusinga ukaingia ziwa lenyewe, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hilo ni ziwa la kilomita mraba zaidi ya 68,000, mawimbi yake ni kama ya bahari, na mimi huko siendi na kayaki peke yangu hata nikiitwa.

Hiyo maneno ya upepo unasemaga kila wakati, nieleze polepole.

Usiku ardhi inapoa haraka kuliko maji, kwa hivyo alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana jua likishachoma ardhi upepo unageuka, sasa unatoka ziwani kuja huku. Wavuvi wa matanga wameishi na hii tangu enzi za babu zao, wanatoka na upepo wa alfajiri na wanarudishwa na wa mchana.

Sasa wewe wa Kisumu unaweza kusema basi vizuri, upepo wa mchana unatoka magharibi utanisukuma hadi nyumbani. Ndio, unakusukuma, lakini mawimbi yanakujia kwa mgongo, na kayaki fupi pana ikisukumwa kutoka nyuma mkia wake unataka kupita mbele, inageuka ubavu, na ikishakaa ubavu wimbi linalofuata ndilo linakumwaga. Ndio maana nasisitizaga usukani wa nyuma ama angalau ule ubao mdogo wa chini unaonyoosha mwendo. Wanaoanzia Homa Bay ama Kendu Bay au Asembo, upepo unawapata kwa pembe tofauti, kwa hivyo uliza wavuvi wa hapo, usichukue hesabu ya Kisumu ukaipeleka kila mahali.

Halafu kuna gugu maji. Ule upepo wa mchana unaliokota lote na kulisukuma huku mwisho wa ghuba. Kuna siku nilitoka saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa wazi kabisa, saa tisa narudi nikakuta ufuo wote umefungwa, kijani tupu kama shamba la mtu. Nilikuwa na kayaki ya pedali, ile ya kukanyaga kwa miguu, ya rafiki yangu. Nilikanyaga mara tatu mizizi ikajizungusha kwa propela ikakataa kusonga mbele wala nyuma, nikaiinua, nikachukua kasia, kasia nalo likawa linateleza juu ya majani, jua linachoma, maji ya kunywa yameisha, mwishowe vijana wa ufuoni wakaja na mtumbwi wakanirushia kamba. Tangu hiyo siku nikiingia ufuoni jambo la kwanza naangalia gugu liko upande gani na upepo unatarajiwa kwenda wapi, na narudi kabla ya saa sita.

Ya kukalia juu ama ya kuingia ndani?

Ya kukalia juu. Kwa kuvua hapa kwetu sina majibu mawili.

Ile ya kuingia ndani, miguu iko chini ya kifuniko, ni nzuri kwa nchi za baridi manake inakukinga maji. Sisi maji yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Ukipinduka na ya kuingia ndani inajaa maji kama karai, na hauwezi kuitoa hayo maji ukiwa katikati ya ziwa bila mtu wa kukusaidia. Ile ya kukalia juu imezibwa yote, ndani ni hewa tu, ina matundu yanayopita kutoka juu hadi chini ya kutolea maji, ukipinduka unaigeuza, unapanda, unaendelea. Na kuvua kwenyewe ni kugeuka geuka, kufikia chambo nyuma, kutoa miguu nje ukipigana na samaki, hayo yote ukiwa ndani ya tundu ni shida.

Watu wa Il Chamus kule Baringo wanavua wakikaa juu ya vyombo vyao vidogo vya mti wa ambachi, mti mwepesi unaoelea wenyewe, maji yanaingia na kutoka chini yao na chombo hakizami. Wazo ni lile lile, na hao hawakusoma kwa katalogi.

Urefu na upana gani?

Kwa ghuba, futi 10 na nusu hadi futi 12, upana inchi 32 hadi 35. Chini ya futi 10 inazunguka zunguka, unapiga kasia mara moja pua inaenda kushoto, mara ya pili inaenda kulia, ukifika penye samaki umechoka. Kayaki yangu ya kwanza ilikuwa futi 8, niliinunua ju ilikuwa bei poa na inaingia kwa gari, na nilivua nayo miezi minne mikono ikiniuma kila Jumapili usiku.

Upana nao una mambo yake. Pana inatulia ukisimama, lakini ni nzito kusukuma na inashika upepo. Tena kuna kutulia kwa aina mbili, na wauzaji hawasemi hii. Ile yenye tumbo bapa inatulia sana maji yakiwa shwari, unasimama kama uko sebuleni, lakini wimbi likija kwa ubavu inafuata mteremko wa wimbi na inafika mahali inapinduka ghafla. Ile yenye tumbo lenye mabonde mawili, kama mikuku miwili midogo kando, inatikisika kidogo mwanzoni halafu inashika, hairuhusu kwenda zaidi. Kwa maji ya mchana nachagua ya pili. Kwa mtu wa Lake Kanyaboli ama bwawa la shamba, bapa inatosha kabisa.

Mimi ni mtu mzito, kilo 110. Nitazama?

Hauzami, ni hesabu tu. Kila kayaki ina uzito wa juu kabisa ulioandikwa, lakini ule uzito ni wa kuelea, si wa kuvua kwa raha. Chukua kama asilimia 70 ya ile namba ndio yako halisi.

Kwa mfano: wewe 110, vifaa na kiti kilo 20, maji na chakula kilo 5, kikapu cha barafu na samaki kilo 15. Jumla 150. Gawanya kwa 0.7 unapata kama 214. Kwa hivyo tafuta kayaki iliyoandikwa kilo 215 kwenda juu, na zipo, ni zile za futi 12 hadi 13 zenye upana wa inchi 34 hivi. Mtu wa kilo 70 na mzigo huo huo anahitaji kama 157. Usikubali kuambiwa "inabeba mtu yeyote". Ikizidiwa, maji yanapanda kwa yale matundu ya chini unakaa umelowa makalio kutwa nzima, na mbaya zaidi inachelewa kuinuka wimbi likija.

Na uliza kiti pia. Kiti cha fremu ya alumini kilichoinuka ni afadhali kwa mgongo kuliko kile cha kitambaa cha kufunga, ukikaa saa tano utanikumbuka.

Pedali ama kasia?

Hili ndilo swali watu wanagombania, acha niseme yangu.

Pedali ni tamu. Mikono iko huru, unavuta chambo nyuma huku umeshika rodi, unashikilia pahali upepo ukivuma, na miguu ina nguvu kuliko mikono. Kampuni ya Hobie ndio walileta ile ya mapezi mawili ya chini mwaka wa 1997, inapiga kushoto kulia kama pengwini anavyoogelea, halafu kampuni zingine zikaja na ya propela ambayo unakanyaga kama baisikeli. Ya mapezi unaweza kuyalaza yabane tumbo la kayaki ukifika maji mafupi. Ya propela lazima uinue mtambo wote juu.

Shida ni gugu, na nyavu, na bei, na uzito. Yote mawili yanashika mizizi, na propela ndio mbaya zaidi. Hapa ghubani kuna nyavu zimetegwa kila mahali na maboya yake ni chupa za soda na vipande vya mitungi, na sasa vizimba vya samaki navyo vimejaa na kamba zake za nanga zinaenda mbali kuliko unavyofikiria. Ukikata wavu wa mtu umekata karo ya mtoto wake, sio jambo la kucheka na kuomba msamaha kwa mbali. Uzito nao, ya kasia ya futi 11 ni kama kilo 30 hivi, ya pedali ikiwa na kila kitu inaweza kupita kilo 45, na hizo kilo 15 utazijua ukiwa peke yako unaivuta kwa matope.

Kwa hivyo: kama unavuaga Kisumu, Kusa, Kendu, penye gugu linatembea, nunua ya kasia nzuri na weka pesa iliyobaki kwa kasia nyepesi. Kama uko Mbita, Rusinga, Mfangano, penye maji yako wazi na umbali ni mrefu, pedali inalipa. Na hata ukiwa na pedali beba kasia. Kila siku.

Kasia la urefu gani?

Kayaki ya inchi 33 yenye kiti cha juu, sentimita 250 hadi 260. Fupi linakufanya ugonge vidole kwa ubavu. Funga kamba ndogo kutoka kasia hadi kayaki.

Za kujaza upepo je? Ni bei nafuu na inaingia kwa mfuko.

Naelewa, kama unaishi ghorofa ya nne Milimani ama hata Nakuru mjini na hauna pa kuweka kitu cha futi 11, mfuko unavutia. Zile za bei ya chini kama Intex Explorer K2 ni za watu wawili kuzunguka kwa maji yaliyotulia, urefu wake ni sentimita 312 na inabeba hadi kilo 180. Kwa bwawa, kwa kufundisha mtoto kupiga kasia, sawa.

Kwa kuvua hapa mimi nakataza. Mbuta, yaani sangara, ana miiba mgongoni na kifuniko cha shavu chenye makali kama wembe. Kamongo naye akiingia kwa chombo anauma kila kitu kilicho karibu, taya zake zinavunja konokono, plastiki ya hewa ni nini kwake. Ongeza ndoano, kisu, miti iliyozama kando ya mafunjo. Na upepo, yaani hizo zinaelea juu juu kama jani, upepo wa saa tisa unaiamulia kwa kwenda. Zile za kitambaa kigumu zenye sakafu ya kusimamia ziko afadhali sana, ila bei yake inakaribia ya plastiki ngumu, basi si ununue tu ya plastiki.

Plastiki, faiba ama mbao ya fundi?

Kayaki nyingi za kuvulia ni plastiki ya aina moja na matangi ya maji tunayoweka juu ya nyumba, na zinatengenezwa vile vile, unga wa plastiki ndani ya umbo la chuma linalozungushwa kwa moto. Ukijua hivyo umejua karibu kila kitu: inavumilia kugongwa na mawe, inachoshwa na jua, na gundi haishiki. Watu wanapaka gundi ya kila aina kwa ufa, baada ya wiki mbili inabanduka kama ganda. Ufa wa hiyo plastiki unachomelewa na plastiki ya aina hiyo hiyo, fundi wa kuchomelea matangi anaweza, mwambie tu asitumie moto mkali ju plastiki ikiungua inakuwa kavu.

Faiba ni nyepesi na inateleza vizuri, na mafundi wa faiba wapo kando ya ziwa, lakini ikigonga jiwe inapasuka na ukarabati ni wa mara kwa mara. Ukitengenezewa ya faiba hakikisha ndani mbele na nyuma kumejazwa povu gumu ama vyumba vilivyozibwa, ili ikitoboka isizame. Mbao za mafundi wetu ni kazi nzuri sana ya mikono, ila hiyo ni mtumbwi, ni nzito, na inataka watu wawili watatu kuisukuma majini.

Ukiweka nyumbani iweke kivulini, imelala kwa ubavu ama kifudifudi, usiiache juani imekaa tumbo kwa mawe mawili manake inabonyea.

Nimepata ya mitumba. Niangalie nini?

Usilipe kabla haijaingia majini. Mimi nililipa kwa kuangalia picha, ya mtu aliyekuwa anahama, nikaja kugundua ufa mwembamba kama unywele pale tundu la kutolea maji linapokutana na tumbo, haukuonekana hadi nikaweka uzito. Hapo ndipo plastiki inachokaga kwanza, hasa kama mwenyewe alikuwa akiivuta kwa lami ama aliweka magurudumu yanayoingia kwa hayo matundu.

Kwa hivyo geuza juu chini, pitisha kidole kwa kila tundu na kwa mkuku mzima. Bonyeza plastiki, kama imekuwa ngumu na inaacha unga mweupe kwa mkono, jua limeimaliza. Fungua kizibo cha kutolea maji uone nyuzi zake bado zinashika. Halafu iweke majini, kaa juu yake nusu saa kwa maji ya kiunoni, toka, fungua kizibo, inua upande mmoja. Vijiko viwili vitatu vya maji ni kawaida. Lita moja sio kawaida, rudisha ama shusha bei uende kwa fundi.

Kuagiza kutoka nje ni afadhali?

Bei ya huko inapendeza hadi ufanye hesabu ya kufika. Kayaki ni nyepesi lakini inakula nafasi, na meli inakulipisha nafasi. Halafu Mombasa kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16 ambayo inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kuna ada zingine ndogo ndogo na wakala wako, kisha lori hadi Kisumu. Mkiwa watu wanne watano mkaagiza pamoja zikapangwa moja juu ya nyingine ndio inaanza kuwa na maana. Mtu mmoja, tafuta hapa hapa kwanza.

Nina Probox. Itabeba?

Vizuri kabisa. Weka keria mbili za juu, kayaki kifudifudi, mikanda miwili ya kitambaa, halafu, na hii watu wanaruka, kamba ya mbele hadi bampa na kamba ya nyuma. Ukishuka Nyamasaria ukipishana na lori utajua kwa nini. Usikaze sana mkanda plastiki ikiwa juani, inabonyea. Peke yako usinunue inayozidi kilo 35 kama hauna magurudumu ya kuivuta. Na tafadhali usibebe kwa boda.

Sijui kuogelea. Niache?

Usiache, jifunze. Hata wiki tatu kwa bwawa la hoteli. Lakini hata anayejua kuogelea, laifjaketi inavaliwa, haikaliwi. Ziwa hili limechukua watu waliozaliwa kando yake na walikuwa na jaketi chini ya kiti. Chukua ile yenye mgongo mfupi ama mgongo wa wavu isigombane na kiti, na yenye mifuko, weka filimbi ndani na simu kwa mfuko usiopitisha maji.

Kabla haujaanza kuvua, toa siku moja nzima ya kupinduka. Kwa makusudi. Maji ya kifuani, rafiki akiwa kando. Unaigeuza kayaki, unashika ubavu, unapiga miguu kama chura hadi tumbo lipande juu, unalala kifudifudi, unajigeuza hadi makalio yaingie kwa kiti, ndio unaingiza miguu. Fanya mara 10. Kama kayaki ni pana hadi hauwezi kuipanda kutoka majini, basi hiyo si yako hata kama umeipenda, na hiki ni kipimo cha kununua kuliko rangi na vishikio vyote. Mimi siku hizi mtu akiniomba nimsaidie kuchagua tunaenda majini kwanza.

Viboko na mamba?

Wapo, na kiboko ndiye wa kuogopwa zaidi. Anakaa maji mafupi kando ya mafunjo mchana, jioni anatoka kula na alfajiri anarudi, na wewe ukiwa kati yake na maji ya kina anaona umemfungia njia. Kwa hivyo kabla ya kuingia uliza wavuvi leo wameonekana wapi, hao wanajua hadi mmoja mmoja. Usiingie kwa vijia vilivyofunguliwa katikati ya mafunjo, mara nyingi ni njia zake. Ukiona mapovu ama vichwa, ondoka polepole uende mbali naye bila kumfungia njia ya kina, usipige kelele, usisimame kupiga picha. Kayaki ya rangi ya machungwa ama njano inakusaidia uonekane na mashua za injini, kiboko haijali rangi.

Mamba zaidi ni midomoni mwa mito, Nzoia, Yala, Sondu, na kule Baringo. Miguu isining'inie majini.

Niko Nakuru. Si nivue tu Lake Nakuru?

Hapana. Lake Nakuru iko ndani ya mbuga, na maji yake ni ya magadi. Mtu wa Nakuru aende Naivasha, ama apande Baringo. Naivasha ni maji baridi, kuna samaki anaitwa bass aliyeletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929 na kuna carp, ambaye siku hizi amejaa. Huyo bass anapigana vizuri sana kwa rodi nyepesi, na kayaki ndogo ya futi 10 na nusu inatosha kuzunguka kando ya mafunjo. Ila viboko ni wengi mno, na mchana upepo unashuka kwa nguvu, sheria ya kurudi kabla ya saa sita ni ile ile. Beba sweta, asubuhi uko juu ya mita 1,880 huko.

Na watu wa Siaya, Busia na Kakamega, msikimbilie Kisumu. Lake Kanyaboli iko hapo Yala, ndogo, haina mawimbi makubwa, na bado kuna ngege wa asili ambao ziwa kubwa karibu limewapoteza baada ya mbuta kuletwa. Hapo ndipo ningemfundisha mtoto wangu.

Mbuta mkubwa akishika, si atanivuta?

Atakuvuta, na ndio raha yake. Kayaki inamchosha yeye manake anavuta kitu kinachofuata badala ya kitu kilichosimama. Mwelekeze mbele ya pua, usimwache aende ubavu, na usijifunge kamba ya ndoano mkononi hata mara moja. Kisu kiwe karibu kwa kifua. Akifika, usimwingize akiwa bado na nguvu, mshike mdomo wa chini na koleo. Kamongo mtie kwa gunia akiwa bado majini, ufunge, ndio uinue. Mbuta chini ya sentimita 50 rudisha.

Nahitaji leseni?

Anza na BMU ya ufuo wako, wale wasimamizi wa beach. Wanajua wageni, wanajua penye samaki wanazaana panakatazwa, na ukipotea ndio watakutafuta. Watakuelekeza kwa ofisi ya samaki ya kaunti na Kenya Fisheries Service kuhusu kibali cha kuvua kwa ndoano. Ukifunga mota ya umeme uliza pia Kenya Maritime Authority, manake sasa una chombo cha mota.

Hiyo mota inafaa?

Kwa Mbita ndio, kwa gugu hapana. Na betri, ya lithiamu ya 100Ah ni kama kilo 12, ya asidi ya kawaida inapita kilo 25, irudishe kwa ile hesabu ya uzito hapo juu.

Vifaa gani ninunue kwanza?

Laifjaketi, kasia zuri, filimbi, nanga ndogo ya kukunja ya kilo moja na nusu na kamba mita 20, kisu, mfuko usiopitisha maji. Vishikio viwili vya rodi nyuma ya kiti. Kifaa cha kuona samaki kinaweza kungoja mwaka. Nanga isifungwe kwa ubavu, ifungwe mbele ama nyuma, kwa ubavu upepo ukivuta inakulaza.

Radi ikianza kunguruma, na upande wetu haisemi hodi, laza rodi zote chini, nyingi ni za kaboni na zinapitisha umeme, na uelekee nchi kavu iliyo karibu hata kama si ufuo ulioanzia.

Kichocho?

Kipo. Konokono wake wanakaa maji mafupi yenye majani, pale pale unaposhushia kayaki. Vaa buti za mpira ukiingia, jifute haraka na taulo ukitoka, na upimwe mara moja kwa mwaka hata kama haujisikii vibaya. Dawa yake ni rahisi, ni vile tu watu hawaendi.